Hivi Indonesia si ilikuwa OPEC kabisa, ule umoja wa nchi zinazouza mafuta? Imekuwaje leo inanunua mafuta nje?

Kijiwe cha Buza (mleta uzi)

Wakuu salama? Naombeni mnisaidie kumaliza ubishi.

Jana jioni kijiweni jamaa yetu anayeendesha semi za Tunduma katamba kwamba bomba la Hoima, la mafuta ghafi ya Uganda, likishaanza kumwaga pale Chongoleani Tanga basi Afrika Mashariki tumeula, petroli itashuka mpaka tunawie mikono. Kuna fundi pikipiki pale huwa haongei sana, akanyanyua kichwa akasema wewe dereva, Indonesia walikuwa na mafuta kuzidi hayo mara kibao, walikuwa mpaka OPEC, na leo wananunua nje kama sisi. Dereva akacheka akasema nchi iliyokuwa OPEC kununua mafuta ni sawa na mvuvi wa Feri kununua samaki wa kopo. Wakawekeana kreti ya soda.

Nimegugo nimekuta kweli waliingia OPEC 1962, halafu wakatoka, halafu wakarudi, halafu wakatoka tena, nikazidi kuchanganyikiwa. Kwahiyo swali langu sio kama ni kweli, swali ni INAKUWAJE? Mafuta yaliisha? Yaliibiwa? Wajuzi tiririkeni ila kwa lugha ya kijiweni tafadhali maana nitawasomea kwa sauti.

Tango Pori

Nimekaa paleee nasubiri wajuzi. Ila kwa haraka haraka mabeberu wamekomba wakasepa, hakuna jingine hapo.

Mwali wa Jogja

Mkuu Kijiwe mimi nimesoma Indonesia, Yogyakarta, kwahiyo hili naliongea nimeliona kwa macho sio la kusimuliwa.

Kwanza mwambie dereva mafuta HAYAJAISHA. Mpaka leo wanatoa kama mapipa laki 6 kwa siku. Uganda ikifika kileleni kabisa inategemea laki 2 na elfu 30. Yani Indonesia hii "iliyofulia" bado inatoa zaidi ya mara mbili ya ndoto ya Uganda. Tatizo wanatumia kama milioni 1 na laki 6 kwa siku, watu milioni 280 hao jamani.

Sasa angalia kitu cha kuchekesha. Mwaka 1977 walikuwa wanazalisha karibu milioni 1.6 kwa siku, wakashuka kidogo, miaka ya 90 wakapanda tena palepale karibu 1.6. Leo hiyo 1.6 ndio wanayokula. Namba ni ileile imehama upande tu. Njiani hapo, kwenye 2003 au 2004 hivi, mistari miwili ilipishana, wa uzalishaji unashuka na wa matumizi unapanda, na tangu siku hiyo wakawa waagizaji. Ndani ya OPEC wakakaa kaa kwa aibu kidogo mpaka Januari 2009 wakajitoa, maana utakaaje kikao cha wauzaji wanaoombea bei ipande na wewe ni mnunuzi? Januari 2016 wakarudi, Novemba mwaka huohuo OPEC ikaambia kila mtu apunguze uzalishaji, Indonesia wakasema sisi tunahangaika kuongeza nyie mnatuambia tupunguze, wakasimamisha uanachama tena. Hawakumaliza hata mwaka.

Ila mimi kwa maoni yangu kilichowamaliza sio kisima, ni bei. Enzi za rais wao Suharto hela za mafuta zimejaa, serikali ikawazoesha wananchi mafuta ya bei ya kutupa, petroli, dizeli, mafuta ya taa, vyote ruzuku. Mtu akizaliwa anakuta petroli ni rahisi kuliko maji ya chupa, ananunua pikipiki, mdogo wake ananunua pikipiki, shangazi yake ananunua pikipiki. Pikipiki kule ni zaidi ya milioni 100, sitanii. Barabarani kila baada ya nyumba kadhaa unakuta kibanda kimepanga chupa za glasi za petroli kama mtu anauza asali, na chupa wanazozipenda ni za vodka ya Absolut, mara ya kwanza nilijua wanauza pombe nikashangaa waislamu hawa vipi.

Sasa ukishawazoesha watu hivyo, kuondoa ni vita. Mei 1998 nchi iko kwenye mgogoro wa uchumi, IMF wamebana, Suharto akapandisha bei ya mafuta, kulikuwa na mambo mengine mengi yamejaa tayari lakini hiyo ikawa kama kiberiti, mwezi huohuo tarehe 21 akaachia madaraka baada ya miaka 30 na kitu. Marais wote waliofuata wakawa wanaishika bei ya petroli kama mtu aliyeshika yai. Oktoba 2005 Yudhoyono alikaza roho, petroli ikatoka rupia 2,400 ikaenda 4,500 kwa lita, mafuta ya taa kutoka 700 mpaka 2,000, usiku mmoja tu. Novemba 2014 Jokowi akapandisha, Januari 2015 akafuta kabisa ruzuku ya petroli ile ya kawaida kwa sababu bei ya dunia ilikuwa imeporomoka, alibahatisha wakati. Lakini ruzuku ilirudi kwa mlango wa uani. Mwaka 2022 bajeti ya ruzuku na fidia za nishati ilifika rupia trilioni 502, Septemba wakapandisha Pertalite, petroli yao ya bei nafuu, kutoka 7,650 hadi 10,000 na watu wakaingia barabarani. Na hiyo 10,000 wanayoililia kwa hela yetu ilikuwa kama 1,600 tu, mwaka ambao sisi tunanunua lita kwa elfu tatu na ushee.

Kwahiyo mkuu, walikuwa wanachoma zawadi kabla haijafunguliwa vizuri. Nimemaliza kwa leo, nina uji jikoni.

Tango Pori

Dada Mwali nimekuelewa ila hujajibu la mabeberu. Caltex, Chevron, Exxon, wote hao walikuwa wanafanya nini kule, utalii?

Karani wa Kilwa Road

Tango ngoja nikujibu mimi. Ubeberu ulikuwepo, sikatai, Royal Dutch yenyewe iliyokuja kuwa Shell ilizaliwa 1890 kwa mafuta ya Sumatra wakati Mholanzi anatawala. Lakini baadae hawa jamaa ndio walioiambia dunia kwamba kampuni ya nje ije ichimbe kwa hela yake, ikipata irudishe gharama zake kwanza, kinachobaki tugawane, na mafuta ni ya nchi sio yenu. Mkataba wa kugawana uzalishaji, walianza nao miaka ya 60. Leo Tanzania hii shirika letu la mafuta, TPDC, linasaini mikataba ya aina hiyohiyo. Kwahiyo huwezi kusema walikuwa wajinga wa mikataba, walikuwa walimu wetu.

Shida nyingine ilikuwa nyumbani. Pertamina, kampuni ya taifa, chini ya jenerali Ibnu Sutowo ilikuwa dola ndani ya dola, wamejenga mpaka mahoteli, 1975 ikashindwa kulipa madeni, ukichimba unakuta deni zaidi ya dola bilioni 10 za wakati ule. Na huo ndio wakati mafuta yamepanda bei! Unafulia mwaka ambao bidhaa yako ina bei, hiyo inahitaji kipaji. Halafu 2012 Mahakama ya Katiba ikaivunja mamlaka inayosimamia uchimbaji, wakaunda nyingine, Agosti 2013 bosi wa hiyo mpya, Rudi Rubiandini, profesa kabisa, akakamatwa na takukuru yao kwa rushwa, mpaka pikipiki ya BMW ikabebwa kama ushahidi, akala miaka 7. Sasa wewe mwekezaji umeshika dola milioni 100 za kuchimba kisima baharini ambacho pengine kitakuwa kikavu, utaenda kuziweka hapo au utaenda Guyana kwenye mafuta mapya?

Ndio maana uwanja mkubwa wa karibuni ni mmoja tu, Banyu Urip kule Cepu, Java. Uligunduliwa 2001, Pertamina na Exxon wakavutana nani awe dereva mpaka 2006, ukaja kutoa kwa nguvu zote 2016. Miaka 15. Mtoto aliyezaliwa siku ya ugunduzi ameshafika sekondari kwa huku kwetu.

Babu wa Ruwi

Asalaam alaykum wanangu. Mimi mtu wa Ng'ambo, Unguja, nimehamia Maskati tangu ujana, na umri wangu mwingi nimeumaliza jangwani kwenye mafuta, Fahud, Yibal, mwisho Nimr. Sasa nimestaafu nacheza na wajukuu. Hili suala mmelizungumza la siasa na bei, sawa, lakini hamna aliyesema kwa nini kisima chenyewe huchoka. Na hichi ndicho watu hawakielewi.

Watu wanadhani chini kuna tangi, unatia mrija unanyonya mpaka likauke. Hakuna tangi. Mafuta yamo ndani ya jiwe, kama tui lilivyomo ndani ya nazi. Sasa fikirini mama yenu anakuna nazi. Mkamuo wa kwanza, bila ya maji, inatoka kasimile, nzito, nyeupe, haina tabu hata mtoto anakamua. Ndio kisima kipya hicho, presha ya chini yenyewe inasukuma, wewe kazi yako kufungua koki. Miaka ikipita presha inakwisha. Hapo unatia maji kwenye chicha, unakamua tena, lipo tui, lakini jepesi. Na visima ndio hivohivo, unapiga maji chini yasukume mafuta. Mara ya tatu unatia maji ya moto, na kule kwa hao Waindonesia uwanja wa Duri tangu 1985 wanapiga mvuke chini, mradi wa mvuke katika mikubwa duniani, kwa sababu mafuta yake mazito hayatembei bila ya kuchemshwa. Kila mkamuo mikono inauma zaidi na tui linapungua. Na mwisho unamtupia kuku chicha na mafuta bado yamo ndani yake! Kwenye jiwe kwa kawaida theluthi moja hivi ndio hutoka, mengine yote yanabaki kule chini.

Sisi Oman yalitufika. Mwaka 2001 tulikuwa karibu na laki 9 na nusu kwa siku. Yibal ndio ulikuwa uwanja mkubwa kuliko yote, wakachimba visima vya kulala, mafuta yakatoka kwa wingi watu wakafurahi, kumbe tunayawahisha tu, baada ya muda mfupi kinachopanda ni maji. Pampu inapiga kutwa kucha, maji. Kufika 2007 nchi nzima imeshuka mpaka laki 7 na kidogo. Watu kazini nyuso zimewapooza, kila mtu anahesabu miaka yake ya pensheni.

Tukarudi juu kwa hiyo mikamuo ya pili na ya tatu, Mukhaizna mvuke, Marmul wanatia dawa kwenye maji yawe mazito kama uji ili yasukume vizuri. Leo Oman iko kama milioni moja. Lakini kwa gharama, wanangu. Ule mvuke unachomewa gesi, na gesi yetu ikawa haitoshi, tangu 2008 tunaletewa gesi ya Qatar kwa bomba, sie watu wa mafuta. Na pale Nimr maji yanayopanda na mafuta ni mengi mno hata wakaotesha matete jangwani kuyasafisha, uwanja mkubwa wa matete, ndege wanatoka sijui wapi wanakuja kutua. Mgeni akifika anadhani ameona mazigazi.

Tofauti yetu na Indonesia ni moja tu, sisi watu wachache. Tungelikuwa milioni 280 na sisi tungeshaagiza zamani.

Kijiwe cha Buza

Shikamoo babu. Hiyo ya kasimile nimewasomea hapa kijiweni mama anayetuuzia mihogo ya nazi kaacha kukoroga akasema "huyo mzee ndio anajua". Dereva kanyamaza kidogo. Ila kauliza swali, anasema sawa wamepungukiwa, basi si wanunue mafuta ghafi wasafishe wenyewe? Wana mitambo si ndio?

Msee wa Changamwe

Salamu kutoka Mombasa wadau. Hiyo swali ya dereva ndio yangu kabisa, mimi nimekulia nyuma ya rifainari, mtambo wa kusafisha mafuta. Iliwashwa miaka ya 60, ilikuwa inasafisha mafuta ya Abu Dhabi inaitwa Murban, usiku moto juu ya ile chimney unaonekana mbali sana, sisi watoto tulikuwa tunasema ni taa ya Mungu. 2013 ikafungwa, mtambo umezeeka, petroli ya kununua nje imesafishwa tayari ilikuwa inatoka rahisi kuliko ya hapo, sai ni matangi tu ya kuweka mafuta. Nyinyi pia rifainari ya TIPER hapo Kigamboni ni story hiyohiyo.

Indonesia wana rifainari kadhaa lakini ile kubwa ya mwisho Pertamina walijenga ni Balongan, 1994, baadaye sana ndio wakaja kupanua ile ya Balikpapan. Kwa hivyo watu wameongezeka, piki zimeongezeka, mitambo imekaa palepale. Wananunua petroli Singapore. Singapore haina kisima hata kimoja buda! Kisiwa kidogo hivi, kinanunua ghafi, kinasafisha, kinauzia jirani aliyekuwa OPEC. Na Pertamina ilikuwa na kampuni yake ya biashara hukohuko Singapore, Petral, watu walipiga kelele sana mambo ya mafia mpaka ikavunjwa 2015.

Na dereva asidhani kuwa na ghafi ni kuwa na petroli. Sisi Agosti 2019 tulituma meli ya kwanza ya mafuta ya Turkana, mapipa laki 2 hivi, yalibebwa na malori kutoka Lokichar yakiwa yamepashwa moto njia yote maana yakipoa yanaganda kama mshumaa. Tukapiga makofi, rais akapungia mkono. Na bandari ni hiyohiyo petroli yetu inaingilia. Meli moja inatoka nyingine inaingia, na ile inayoingia ndio inapanga bei yako ya pampu.

Mama Ntilie wa Mtandao

Samahanini naingilia, mimi sio wa mambo ya visima, mimi nakaanga samaki. Lakini hao Indonesia si ndio waliotupandishia mafuta ya kula 2022? Niliambiwa wamefunga kuuza nje, dumu la lita 20 nilikuwa nalinunua huku nalia, nikapunguza samaki wa kukaanga nikawa nachemsha wateja wakanikimbia. Yanahusiana au nimechanganya madesa?

Mwali wa Jogja

Mama hujachanganya kabisa, yanahusiana na umenikumbusha nilichosahau. Hawa watu walivyoona dizeli ya kununua inawamaliza, wakasema sisi tuna mawese kuliko nchi yoyote duniani, tuyachanganye kwenye dizeli. Wakaanza kidogo kidogo, 2020 wakafika asilimia 30, 2023 asilimia 35, 2025 asilimia 40. Yani malori yao kwenye kila lita 10 za dizeli, lita 4 zimetoka shambani. Kwenye dizeli imewasaidia kweli, hilo tuwape. Ila mawese ni hayohayo unayokaangia wewe samaki. 2022 bei ikapanda dunia nzima, na Ukraine iko vitani alizeti haitoki, mafuta ya kula yakaadimika Jakarta kwenyewe, mama wakawa wanapanga foleni, serikali ikafunga kuuza nje kuanzia mwisho wa Aprili kama wiki tatu na kitu. Dumu lako likalipia. Mawese yakigombaniwa na tenki la lori na karai lako, karai halina mbunge.

Na gesi ya kupikia nayo, 2007 waliona mafuta ya taa yenye ruzuku yanawakausha, wakagawa majiko na mitungi ya kilo 3 bure, ya kijani, wanaiita tikiti. Mamilioni ya kaya zikahama kwenye mafuta ya taa miaka michache tu, mpango safi. Shida gesi ya mitungi nayo sehemu kubwa wanaagiza nje, na nayo ina ruzuku. Wamehamisha donda kutoka mguu wa kushoto kwenda wa kulia. Februari 2025 serikali ikasema maduka ya mtaani yasiuze tena, mpaka vituo maalumu, foleni ikatanda nchi nzima watu wamekumbatia mitungi, siku chache tu rais Prabowo akarudisha ilivyokuwa.

Kijiwe cha Buza

Aisee. Basi la mwisho, la Uganda. Dereva anang'ang'ania kwamba ya Uganda ni mengi mno hayawezi kuwa hivyo.

Karani wa Kilwa Road

Uganda wanasema chini kuna mapipa bilioni 6.5, ila yanayotegemewa kutoka ni kama bilioni 1.4. Rudi kwenye chicha ya babu utaelewa kwa nini. Sasa uwanja MMOJA wa Indonesia, Minas kule Sumatra, uliotobolewa na Wajapani 1944 kwa mitambo waliyoiacha Wamarekani wakikimbia vita, ukaanza kutoa 1952, peke yake umeshatoa zaidi ya bilioni 4. Mmoja. Na bado nchi inaagiza. Eneo lote la Rokan, lenye Minas na Duri, Chevron wamewarudishia Pertamina Agosti 2021 baada ya kukamua kasimile na tui la pili.

Na bomba la Tanga, kilomita 1,443, linaleta ghafi ya kupakiwa melini. Haliishii sheli ya Buza. Uganda wanataka wajenge mtambo wa kusafisha mapipa elfu 60 kwa siku palepale Hoima, huo ndio wa kuuliza habari zake ukitaka petroli, sio bomba.

Babu wa Ruwi

Mwambieni dereva asihuzunike, mafuta ni riziki, Waganda yatawafaa wakiyakamua kwa akili. Mimi ushauri wangu mmoja wasiwazoeshe watu bei ya bure, maana hiyo kuitoa kinywani mwa mtu ni kazi kuliko kuchimba.

Kijiwe cha Buza

Wakuu asanteni, nimesoma yote kuanzia juu mpaka chini, sauti imekauka. Fundi ameshinda, kijiwe kizima kimekubali. Ila dereva amesema kreti atalipa siku bomba likianza kumwaga Chongoleani, kabla ya hapo tusimsumbue, na ameshawasha gari anaelekea Tunduma.

Tango Pori

Mimi nilisema mabeberu lakini nilichangia pia, kwenye hiyo kreti mnihesabie Mirinda moja.